Kiambu 2013: kura ya bunge la kaunti na leseni ya mwenye duka

Siku moja kabla ya Ijumaa Kuu ya 2014, tarehe 17 Aprili, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013. Aliifuta yote kwa mpigo. Sheria ya fedha ya kaunti ndiyo inayosema duka litalipia leseni shilingi ngapi, mwenye meza sokoni atakatiwa risiti ya pesa ngapi asubuhi, na lori la mawe litatozwa nini likitoka machimboni. Ikianguka, kila ada iliyoiegemea hubaki haina pa kushika.

Wanasheria wameisoma hukumu hiyo mpaka imechakaa, maana ndiyo iliyowawekea mabunge ya kaunti kipimo cha ushirikishaji wa umma. Mimi naitazama kutoka upande wa pili wa kaunta, alipo mtu anayeuza sukari ya kupima, kinyozi mwenye viti viwili, mama mwenye hoteli ya chapati na maharagwe. Watu hao walishindwa kabla kura haijapigwa, na waliposhinda mahakamani, walishinda kitu kingine kabisa na kile kilichokuwa kikiwauma. Nitajaribu kuonyesha yote mawili yalivyotokea.

Breki iliyoondolewa

Kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, eneo linaloitwa leo Kaunti ya Kiambu lilikuwa na mabaraza chungu nzima. Thika, Ruiru, Limuru na Kiambu mjini zilikuwa manispaa. Kikuyu na Karuri zilikuwa na mabaraza ya mji, na sehemu za mashambani zilikuwa chini ya mabaraza ya kaunti ya enzi hizo. Kila baraza lilikuwa na madiwani wake na daftari lake la ada. Mwenye duka wa Thika, mji wa viwanda, alizoea bei moja. Mwenzake wa kule Gatundu alizoea nyingine.

Madiwani walipiga kura juu ya sheria zao ndogo, lakini kura yao haikuwa neno la mwisho. Sheria ndogo ilihitaji kibali cha Waziri wa Serikali za Mitaa. Sisemi waziri alikuwa mtetezi wa wanyonge. Faili zilikaa mezani miezi, na kibali kilikuwa na siasa zake. Ila ilikuwa breki. Karatasi ilipaswa kutoka mjini, ifike Nairobi, isomwe na mtu ambaye hakuwa na hamu ya zile pesa.

Katiba ya 2010 iliiondoa breki hiyo, na kwa nia njema. Kaunti 47 zilipewa mabunge yao, na la Kiambu likawa na wadi 60 za kuchagua wawakilishi. Mswada wa fedha ukipita bungeni na gavana akitia saini, umekuwa sheria. Hakuna waziri wa kuusubiri. Mahali pa waziri Katiba iliweka kitu kingine: Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake hadharani na liwashirikishe wananchi katika utungaji wa sheria. Yaani aliyepewa kazi ya kuangalia ni yule yule atakayelipa. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo, mtu anayefungua duka saa kumi na mbili asubuhi na kulifunga saa tatu usiku amepewa kazi ya waziri, bila ofisi na bila nakala ya mswada.

Tuwatendee haki wawakilishi wa 2013. Ulikuwa mwaka wao wa kwanza. Hapakuwa na bunge lililowatangulia la kuiga, kanuni zilikuwa mpya, watumishi walirithiwa kutoka mabaraza yaliyovunjwa, na Kiambu ilibidi iyageuze madaftari yote yale ya ada kuwa sheria moja ndani ya miezi michache. Hata bunge lenye moyo safi lingekosea mahali.

Kwa nini macho yaligeukia leseni

Mwaka wa kifedha wa 2013/14 serikali ya kitaifa iligawia kaunti zote shilingi bilioni 190 kama mgao wa usawa. Nyingi, lakini kaunti zilikuwa zimepokea pia zahanati, hospitali, barabara za vijijini na mishahara ya waliokuwa wakizihudumia. Zilizobaki zilipaswa kutoka nyumbani. Kifungu cha 209 kinaipa kaunti milango michache: kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, kodi nyingine yoyote itakayoruhusiwa na sheria ya Bunge, na ada kwa huduma inazotoa.

Sasa mtazame Kiambu ya mwaka huo. Barabara kuu ya Thika ilikuwa imefunguliwa Novemba 2012. Ploti za Ruiru na Juja zilikuwa zikibadilisha bei kabla mnunuzi hajarudi na pesa kutoka benki. Magorofa ya kupangisha yalikuwa yakiota kandokando ya lami. Utajiri mpya ulikuwa umesimama wima, wa mawe, haukimbii mtu. Kwa nini kaunti isiende huko?

Kwa sababu kodi ya ardhi hukadiriwa kwa daftari la thamani, na madaftari mengi nchini yalikuwa ya miongo iliyopita; hata Nairobi ilikuwa ikitumia la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kutengeneza jipya kunataka wakadiriaji, miaka, vikao vya pingamizi, na wenye ploti ni watu wenye mawakili na wenye namba ya simu ya mwakilishi wadi. Leseni ya biashara haitaki hayo. Inataka jedwali lichapwe upya na kanjo, yaani askari wa kaunti, watumwe na mashine ya risiti. Mwenye gorofa yuko Runda, mtaa wa matajiri wa Nairobi, au ughaibuni. Mpangaji wake wa chini, mwenye duka, yupo kila siku na mlango uko wazi. Kodi humfuata anayepatikana. Naona hapo ndipo kisa kizima kilipoanzia, ingawa mahakama haikuulizwa hilo.

Jedwali lisilouliza unauza nini

Wanaoilalamikia leseni mara nyingi hulalamikia kiasi. Kwangu mimi, ubaya wake mkubwa uko kwenye kipimo.

Leseni moja ya biashara ililetwa na mabaraza mwishoni mwa miaka ya 1990 ili kumaliza fujo ya vibali vingi, na kaunti zikairithi. Inafanya kazi kwa mistari. Kuna mstari wa kibanda, kile cha mbao au mabati kisichofika mita 5 za mraba. Kuna mstari wa duka dogo, chini ya mita 50 za mraba na wafanyakazi wachache. Kuna wa duka la kati, wa duka kubwa, kisha maduka makuu. Kila aina ya biashara, kuanzia bucha na baa hadi gereji na kinu cha kusaga unga, ina ngazi zake. Kila mstari una namba, na mbele ya namba pana bei. Bunge la kaunti linapopiga kura juu ya mswada wa fedha, kwa sehemu kubwa linapiga kura juu ya tarakimu zilizo mbele ya mistari hiyo.

Jedwali hupima sakafu na kuhesabu vichwa. Haliulizi unauza shilingi ngapi. Chukua vyumba viwili vya ukumbi mmoja pale Githurai, vyote vya mita 12 za mraba. Kimoja kina simu na wakala wa kutuma pesa, kingine kina mama anayeshona sare za shule. Cha kwanza kinaweza kugeuza pesa nyingi ndani ya asubuhi moja kuliko cha pili kwa mwezi, na vyote viko mstari mmoja. Ada ikipandishwa kwa elfu tatu, imepanda elfu tatu kwa wote wawili. Kwa wa simu ni kero. Kwa fundi wa sare, ambaye biashara yake ni ya Januari na Mei, ni swali la kama atabaki na chumba.

Tuseme duka la rejareja linabakiza shilingi 300 kwa siku baada ya pango, stima na bidhaa. Leseni na vibandiko vyake vikifika 9,000, hizo ni siku 30 za kufanyia kazi kaunti. Nasema vibandiko kwa sababu leseni haitembei peke yake. Anayegusa chakula anahitaji cheti cha afya. Kuna ukaguzi wa zimamoto. Ukiandika jina la duka ukutani, kuna ada ya bango. Mwenye bucha hukutana na karibu kila ofisi ya kaunti kabla hajakata kilo ya kwanza. Nairobi ilipokuja 2023 na leseni ya pamoja iliyokusanya vibali hivi katika karatasi moja, ilikuwa ikikiri kero ambayo kila mwenye bucha wa Wangige angeweza kuieleza mwaka wa 2013.

Watu hudhani mwenye duka atapandisha bei tu, ada ahamishie kwa mteja. Hawajawahi kuuza mkate. Bei ya mkate imechapwa kwenye karatasi yake, ya maziwa mteja anaijua kuliko wewe, na hatua tano mbele kuna kibanda kisicho na leseni. Ukiongeza shilingi tano kwenye sukari, mteja hakugombezi. Anaanza kupita upande ule mwingine wa barabara.

Kwa hiyo ada inamezwa ndani, na mtu hutafuta njia. Wengine hurudi nyuma: duka linakuwa kibanda, kwa sababu mstari wa kibanda ni nafuu. Wengine hukataa kukua. Kijana wa ziada wa kusaidia anaweza kukupandisha ngazi, basi bora mke na watoto. Wengine hushusha mlango nusu wakisikia gari la kanjo liko kona, wanakaa ndani gizani mpaka lipite. Na wengine huelewana na kanjo mwenyewe, jambo ambalo kwa hesabu ya siku ni rahisi na kwa hesabu ya mwaka ni ghali kuliko leseni. Kaunti iliyopandisha ada ili ipate zaidi hujikuta na mistari ya juu iliyojaa watu watiifu wachache na mitaa iliyojaa milango nusu. Hilo halikuanza Kiambu wala halikuishia huko.

Pengo huchimbwa kabla

Hapa nitakawia, maana hapa ndipo wafanyabiashara wengi hupotea.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka mfuatano. Kufikia tarehe 28 Februari, kaunti huwasilisha bungeni waraka wa mkakati wa kifedha, unaosema kwa jumla itatarajia kupata nini na kutumia nini. Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti huletwa. Kufikia tarehe 30 Juni, bajeti na mswada wa matumizi hupitishwa. Mswada wa fedha, ule wenye mistari na tarakimu za leseni, huja mwisho: bunge lina siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi. Ndiyo maana kelele za ada mpya husikika Agosti na Septemba.

Maana yake ni nini? Mpaka mwakilishi wako anaitwa kupiga kura juu ya leseni, tayari amekwisha kupiga kura juu ya kutumia pesa zitakazotokana na leseni hizo. Barabara ya wadi yake iko ndani ya bajeti. Basari ya watoto wa wadi yake iko ndani ya bajeti. Mbele yake pana pengo lenye tarakimu, na mswada wa fedha ndio udongo wa kulifukia. Kiranja wa wengi, anayesimamia kura za upande wenye wabunge wengi, hahitaji hotuba ndefu; anauliza tu ni mradi wa wadi gani ufutwe. Mwenye duka anayefika Septemba kulalamika kwamba ada ni kubwa amefika baada ya mazishi.

Mwakilishi naye ana hesabu zake. Katika miaka mitano atakumbukwa kwa barabara iliyomwagwa murram na kwa basari. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa kampeni akasema nampigia huyu kura kwa sababu alizuia mstari wa duka dogo usipande. Anayeumia na ada huumia peke yake, dukani kwake, Januari, wakati wa kuhuisha leseni, miezi minne baada ya kura, na hajui hata kura ilipigwa siku gani.

Gazeti halikutosha

Lalamiko la kwanza dhidi ya sheria ya Kiambu lilisajiliwa kwa namba 532 la 2013, yaani lilifika mahakamani kabla mwaka haujaisha. Mengine yalifuata mapema 2014 na yote yakaunganishwa. Walalamishi walikuwa na hoja nyingi, lakini iliyoiangusha sheria ilikuwa moja: watu wa Kiambu hawakushirikishwa ipasavyo kabla ya ada hizo kuwa sheria.

Kaunti ilijitetea kwamba umma uliarifiwa, na matangazo ya magazeti yalikuwa sehemu ya ushahidi wake. Hapo Jaji Odunga aliandika aya ambayo imenukuliwa mahakamani tangu wakati huo kama sala. Kwa maneno yangu: haitoshi kurusha ujumbe kama mtu anayetuma twiti, kisha kuwaachia wanaojali wakautafute wenyewe. Ikiwa mswada unahusu kodi na ada, mzigo wa bunge ni mzito zaidi. Bunge linapaswa kuwahimiza watu waje, kwa kutumia kila jukwaa wanapokutana, akayataja: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya hadhara, redio za kitaifa na redio za lugha za mama.

Ukiijua Kiambu, orodha hiyo inachekesha kwa usahihi wake. Kaunti iko mlangoni pa Nairobi, sauti za Inooro na Kameme, redio za Kikuyu, zinatoka katika kila duka, gereji na matatu tangu alfajiri, na Jumapili makanisa yanajaa. Tangazo la dakika moja la Kikuyu, likisomwa saa mbili asubuhi, lingewafikia wenye maduka wengi kuliko robo ukurasa wa Kiingereza katika gazeti ambalo mwenye kioski hulinunua ili afungie mandazi. Jaji aliegemea pia Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ambayo mwaka 2006, katika kesi ya Doctors for Life, ilifuta sheria za afya kwa sababu wabunge hawakuwapa wananchi nafasi ya kweli ya kusikilizwa. Kwa hiyo hoja haikuwa ngeni. Kigeni ni kuiona ikishushwa hadi kwenye kiwango cha leseni ya kinyozi.

Waliokuwa vijana barabarani Juni 2024, Mswada wa Fedha wa kitaifa ulipogeuka gumzo la kila kijiwe na Rais akakataa kuutia saini, huenda hawakujua kwamba miaka kumi nyuma ubishi ule ule, mswada wa fedha na swali la nani aliulizwa, ulikuwa umepiganwa kwa karatasi, kaunti jirani na Nairobi.

Kilichoshindwa na kilichobaki

Sasa hesabu upya ukiwa na daftari la dukani mkononi.

Kaunti nyingi huweka tarehe 31 Machi kuwa mwisho wa kuhuisha leseni bila faini. Hukumu ilitoka tarehe 17 Aprili. Mtiifu, yule anayelipa mapema ili asisumbuliwe, alikuwa ameshalipa. Aliyeshusha mlango nusu ndiye aliyenufaika zaidi na ushindi. Sheria haikukusudia hivyo, lakini kalenda haikusudii kitu.

Pili, mahakama haikusema ada ni kubwa. Ilisema njia ilikuwa mbovu. Kaunti ikirudi, ikaita mabaraza, ikatangaza kwenye redio, ikaandika maoni ya watu kwenye ripoti, inaweza kuzipitisha tarakimu zile zile. Wakili anaweza kukuelezea tofauti hiyo kwa saa nzima. Fundi wa sare ataielewa kwa sentensi moja: bei haikuguswa.

Tatu, kaunti ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikaiunga mkono hukumu ya Odunga mwaka 2017. Kanuni ilithibitika. Lakini sheria ya fedha ni chakula cha mwaka mmoja. Mpaka neno hilo la rufaa linatoka, miaka ya kifedha kadhaa ilikuwa imepita, na katika uchaguzi wa mwaka huo huo Gavana William Kabogo, aliyeongoza kaunti wakati sheria inapitishwa, alikipoteza kiti chake. Majaji walikuwa wakiamua juu ya jedwali ambalo hakuna kanjo aliyekuwa akilitembeza tena.

Sitaki nionekane naubeza ushindi huo. Kabla yake, kaunti ilikuwa na uhuru wa kuiona hatua ya kuuliza watu kama adabu tu. Baada yake ikawa hatari: usipoifanya, bajeti nzima inaweza kubaki bila mapato. Tangu hapo makarani wa mabunge ya kaunti hutunza orodha za mahudhurio kama hati za shamba. Na hapo ndipo ugonjwa mpya ulipoingia, wa kufanya vikao kwa ajili ya orodha.

Niliwahi kukaa katika kimoja, katika kaunti ambayo sitaitaja. Tangazo lilisema saa tatu asubuhi, Jumanne, ukumbi wa kaunti ndogo. Jumanne ilikuwa siku ya soko. Waliofika walikuwa wazee wa mtaa, vijana wa kikundi walioletwa na gari la mwakilishi, na wenye biashara tusiozidi kumi. Mswada ulikuwa nakala moja mezani, jedwali baada ya jedwali, Kiingereza kitupu. Afisa wa mapato alisoma kwa dakika arobaini juu ya malengo ya kaunti. Maswali yalipofunguliwa, mama mmoja mwenye hoteli alisimama akauliza jambo moja: "Mstari wangu ni upi?"

Afisa akafungua kurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele. Hoteli ndogo isiyo na vyumba vya kulala, viti 15, wafanyakazi 3. Hakuupata. Mwenyekiti akasema ataelezwa baadaye, tuendelee. Soda zikagawiwa, orodha ikazungushwa, tukatia saini. Kisheria tulikuwa tumeshirikishwa.

Sijasikia swali zuri kuliko lile katika vikao vya aina hii. Hakuuliza kwa nini ada zinapanda, swali ambalo afisa yeyote ana jibu lake la robo saa. Aliuliza tarakimu yake. Kaunti inayotaka maoni ya kweli ingechapa ukurasa mmoja kwa kila aina ya biashara, mstari, ada ya mwaka huu, ada inayopendekezwa, ikaubandika sokoni wiki tatu kabla. Gharama yake ni ndogo kuliko soda zile.

Upande wa wafanyabiashara, makosa yetu ni mawili. Tunakwenda Septemba badala ya Februari, wakati pengo bado halijachimbwa na mtu anaweza kuuliza kwa nini mapato ya leseni yamekadiriwa kupanda ilhali ya ardhi yamekaa palepale. Na tunakwenda na kilio badala ya daftari. Kamati ya bajeti imezoea kilio, inakiandika "wafanyabiashara walilalamikia gharama ya maisha", mstari mmoja. Daftari la mauzo ya wiki nne, hata la kalamu ya risasi, lenye madeni ya wateja pembeni, halijazoeleka. Linahitaji kujibiwa kwa tarakimu.

Mwaka uliofuata yule mama alirudi. Safari hii alikuwa na karatasi moja: namba ya mstari wake, ambayo aliipata kwa kuisoma kwenye leseni iliyobandikwa ukutani kwake, ada ya sasa, ada iliyopendekezwa, na mauzo ya wiki nne. Alimpa karani, akadai nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Ada yake ilipanda hata hivyo. Lakini karatasi ile ilikuwa na muhuri, na katika ripoti ya kamati ilibidi waandike sababu ya kuikataa, nusu ukurasa mzima, juu ya hoteli ya viti 15.